Winda za Mwanahawa

Haya, nakutegea wewe uliyekaa karibu: nguo mbili, ya kwanza unavalishwa hujui kuomba, ya mwisho unavalishwa hujui kushukuru. Usimtazame mwenzako, jibu mwenyewe. Umeshindwa? Basi nipe mji. Dodoma? Nimeipokea Dodoma, nimekwenda, nimekula nikashiba, nimerudi na jibu lako. Ya kwanza ni winda ya mtoto, ambayo ninyi wa siku hizi mnaiita nepi, na ya mwisho ni sanda. Sasa, hapo hapo Dodoma, enzi za Mdachi, palikuwa na nyumba moja ambamo nguo hizo mbili zilitoka katika kitambaa kimoja, na haikuwa kwa heri.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Meli hazikufika tena pwani kwa sababu Mwingereza alikuwa amekaa mlangoni, na meli zisipofika pwani, treni inaingia Dodoma na askari tu na mizigo ya askari. Duka la Mhindi karibu na stesheni lilifunguliwa kila asubuhi kwa mazoea. Mwenyewe alikaa mbele ya rafu tupu akifukuza nzi. Ukimuuliza merikani, ile nguo nyeupe ya pamba, anacheka. Ukimuuliza kaniki, ile nyeusi, anakuuliza wewe: "Unayo? Niuzie." Rupia zenyewe zilikuwa zimegeuka karatasi, na wafugaji walizikataa wakisema hawajapata kuona fedha inayoliwa na mchwa. Watu waliozoea nguo wakarudi kwenye ngozi, na wasio na ngozi wakajifunga magunia.

Upande wa Makole ilikuwepo tembe ya Bibi Mwantum, nyumba ya udongo isiyo na dirisha, na paa lake bapa ambalo watu huanikia mtama. Bibi huyo alikuwa mtu wa Kondoa, mjane, mwembamba, mwenye macho yaliyoanza ukungu na ulimi usio na ukungu hata kidogo. Aliishi na mkwewe Sikudhani. Mwanawe Msafiri, muuza asali na tumbaku, alikuwa ameshikwa na askari wa boma akitoka sokoni, akatwikwa mzigo wa vita na kupelekwa njia ya kaskazini. Alimwacha mkewe na mimba. Mtoto alipozaliwa, wa kike, bibi akamwita Mwanahawa, na baba yake hakuwa na habari kama ana mtoto, kama wao wasivyokuwa na habari kama wana baba.

Sikudhani alijifungua akiwa na kaniki mbili. Moja ikachanwa winda. Ilikuwa kuukuu, imechakaa mpaka unaona mkono wako kwa upande wa pili, na mkojo wa mtoto ulipita humo kama unga kwenye chekeche. Kaniki ya pili ndiyo ilikuwa nguo yake, ndiyo shuka yake, na ndiyo mbeleko yake. Siku ya kuifua alijifunga gunia akakaa nyuma ya kihenge cha mtama mpaka ikauke, na mtu akibisha hodi anamjibu kutoka humo humo gizani, kama kuku aliyeatamia.

*

"Hodi humu! Mbukwa, bibi!"

"Mbukwa. Karibu, Mama Matonya."

Aliyeingia alikuwa Yudith, jirani, Mgogo, kijana wa umri wa Sikudhani. Jina lake alipewa na wamisheni, lakini ngozi aliyombebea mwanawe Matonya mgongoni alipewa na mama yake mzazi. Mkononi alishika ngozi nyingine, ya mwanambuzi, iliyosuguliwa kwa samli mpaka ikawa laini kama sikio.

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Niko huku," Sikudhani akajibu nyuma ya kihenge. "Leo siku ya gunia."

"Ah! Pole. Na mimi wiki iliyopita ilikuwa siku ya gunia, nikafikiwa na mtu wa jumbe. Nikamwambia, mzee, geuka utazame ng'ombe, ndipo useme." Wakacheka. Yudith akaiweka ngozi juu ya kigoda. "Bibi, nimesikia mtoto analia. Nimeleta hii. Haitaki maji. Akikojoa, unamwaga majivu yaliyochekechwa, unakung'uta, unapaka samli kidogo, imekwisha. Maji yenyewe ya korongoni siku hizi tunayagombea na punda wa askari."

Bibi Mwantum aliipapasa ngozi kwa vidole, akaiachia.

"Nakushukuru, mwanangu. Lakini mjukuu wangu si ndama."

"Ndama hahitaji kuazimwa ngozi, bibi, anakuja na yake!" Yudith alidhani ni utani, akautania. "Ninyi watu wa Kondoa mna mambo. Kwani Mwanahawa akilala hapo atatoa pembe?"

"Pembe hatatoa," alisema Bibi Mwantum. "Harufu atatoa."

Kicheko cha nyuma ya kihenge kilikatika. Yudith alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu akaikunja ngozi yake akaipachika kwapani.

"Haya. Mkiihitaji mtaniita."

Alipotoka, Sikudhani alisema taratibu, "Mama, yule kaleta kwa moyo wake."

"Najua kaleta kwa moyo. Mimi nakataa kwa moyo wangu. Nguo ndiyo inayomtenga mtu na mnyama, akiwa hai na akiwa maiti."

Neno hilo la maiti halikuja bure. Marehemu mumewe alikuwa mpagazi wa meno ya ndovu, akafia njiani kwenye nyika, na wenzake walirudi wakamwambia mjane ukweli bila kuuremba: walimfunika majani, kwa kuwa nguo iliyokuwa mzigoni ilikuwa ya tajiri. Tangu hapo Bibi Mwantum alijinyima, akanunua merikani nzito ya kumtosha, akaiweka katika kasha pamoja na karafuu na vipande vya udi. Hiyo ndiyo sanda yake. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Ramadhani, aliitoa akaianika juu ya paa na kuwaita wanawake wenzake waione, ili siku ikifika pasiwe na wa kusema hakujua ilipo. "Maskini mimi ni maskini," alipenda kusema, "lakini kuzikwa sitaombewa nguo."

Hata vita vilipokausha maduka, kasha halikuguswa. Sikudhani alilala hatua chache kutoka lilipo kasha hilo, na gunia likimwasha mwilini.

*

Kipupwe kilianza. Upepo wa Dodoma katika majira hayo hauombi hodi, unapita kwenye ufa wowote. Maji ya visima vya mchangani yana chumvi, na matambara ya kaniki yakifuliwa humo yanakauka magumu kama gome. Mapaja ya Mwanahawa yakachubuka, halafu yakatoka vidonda. Alikuwa mtoto wa miezi mitatu tu, mwenye shingo nyembamba na nywele nyingi, na alikuwa akilia mpaka sauti inapotea na mdomo unabaki wazi.

"Mama," Sikudhani alianza siku moja, huku akilitazama kasha.

"Nini?"

Bibi Mwantum alikuwa akipepeta uwele. Uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu ambaye jambo lake kubwa amekwisha kulitengeneza.

"Hakuna. Magadi yamekwisha."

Siku iliyofuata bibi alikwenda matangani upande wa stesheni. Sikudhani alifungua kasha. Harufu ya karafuu ilimjia usoni kama mtu anayemsemesha, akasita, akataka kulifunga. Mtoto akalia. Akachukua kisu cha kukatia mboga, akakata upande wa ndani wa sanda, ule ambao ukikunjwa hauonekani, akapata winda nne. Akaikunja tena vilevile, mkunjo juu ya mkunjo.

Ile merikani ilikuwa nzito na laini. Mwanahawa alifungwa winda mpya, akajinyoosha, akalala mchana kutwa, na mama yake alikaa akimtazama bila kufanya kazi yoyote. Tangu azaliwe hakuwa amemwona uso wake ukiwa umetulia hivyo.

Lakini nguo ya wizi ina kazi ya pili, na hiyo Sikudhani hakuwa ameifikiria. Winda zikishafuliwa zianikwe wapi? Paa la tembe linaonekana na mtaa mzima, na merikani nyeupe mwaka ule ingewaita watu kuliko ngoma. Kwa hiyo alizitundika ndani, kwenye kamba nyuma ya kihenge, gizani, kwenye moshi wa mavi ya ng'ombe. Hazikukauka. Akawa anazibandika tumboni mwake chini ya kaniki ili zipate joto la mwili, anatembea nazo, anatwanga nazo, akitetemeka. Zilipokuwa na unyevu mdogo tu alisema zinatosha, akamfunga mtoto, akamzungushia tambara la kaniki juu yake ili weupe usionekane.

*

Ramadhani ikakaribia. Bibi Mwantum alifagia paa, akatandika mkeka, akawaita wanawake. Alikuja Bi Mishi, mwosha maiti, mwanamke mnene wa pwani aliyeingia Dodoma na reli na kubaki, na wengine watatu wa msikitini.

"Mwantum," Bi Mishi alisema akipanda ngazi kwa kuhema, "kila mwaka unatupandisha huku juu. Mwaka mmoja tutaanguka sisi, na sanda ni yako moja. Tutagawana?"

"Wewe haitakutosha, Mishi. Kwako labda hema la askari."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi akaifungua sanda kwa mikono miwili, akaitandaza juani, mkunjo kwa mkunjo, akijisikia kama bibi harusi anayeonyesha vyombo. Mkunjo wa mwisho ulipofunguka, kicheko kiliendelea kidogo kwa waliokaa nyuma, kisha nacho kikafa.

Bi Mishi alisogea. Aliishika ile nguo, akamsimamisha Bibi Mwantum, akampima nayo toka utosini kushuka chini, kwa mikono ile ile iliyokuwa imewapima wengi.

"Nyayo zako zitabaki nje," akasema.

"Nani ameikata?" Bibi Mwantum aliuliza. Aliuliza polepole, kama anayeulizia njia. "Nani ameikata nguo yangu?"

Sikudhani alikuwa amesimama chini, mlangoni, Mwanahawa mgongoni. Akaikaza mbeleko. Wala hakuna aliyemtazama. Ninyi mtasema, mbona mtoto yuko hapo hapo, wangemfunua wangeona! Lakini kumvika mtoto mzima nguo ya maiti ni jambo ambalo hapakuwa na mwanamke pale juu angeliwaza, hata kwa adui yake. Basi macho yao yalimpita mtoto, yakaenda mbali.

"Humu ndani anaingia nani?" mmoja akauliza.

"Si yule Mgogo wenu?" mwingine akajibu. "Yule wa ngozi, uliyemrudishia ngozi yake."

"Alikasirika siku hiyo?"

Bibi Mwantum akafikiri. "Alikasirika," akasema.

Walikwenda wote. Yudith alikuwa nje akitwanga, mwanawe Matonya mgongoni. Alipoambiwa walichofuata alidhani tena ni utani, akatazama uso mmoja mmoja akitafuta wa kucheka, asimwone. Wakaingia ndani wakapindua vikapu vyake. Wakafunua kitanda. Wakaona kitabu kidogo cha misheni kimefungwa katika kitambaa, wakakifungua wakakuta ni tambara tu.

"Mfungue mtoto," Bi Mishi akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Tuone alichofungwa."

Yudith akaacha mchi. Akaifungua ngozi mgongoni, akamtoa Matonya, mtupu kama alivyozaliwa, naye mtoto akaanza kulia kwa baridi. Bi Mishi akaigeuza ngozi ndani nje, akainusa, akamrudishia.

"Mmemaliza?" Yudith aliuliza. "Mgeuzeni na mtoto mwenyewe, labda kaimeza."

Wanawake wakajikohoza. Wakati huo Yudith alikuwa akimtazama Sikudhani, aliyebaki nyuma ya wengine. Alimtazama usoni, halafu akatazama mgongoni kwake, pale mtoto alipokuwa amejaa kwenye mbeleko, amejaa kuliko tambara chakavu linavyoweza kumjaza. Alimfunga mwanawe, akaokota mchi, akaendelea kutwanga kabla hawajatoka uani.

*

Kikohozi cha Mwanahawa kilianza kidogo kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Bibi Mwantum akasema ni kipupwe, wote wanakohoa. Kisha kikashuka kifuani. Mtoto akawa anavuta pumzi kwa kelele, mbavu zikiingia na kutoka, na matiti akawa anayashika anayaachia.

"Mlete hapa motoni," bibi alisema asubuhi moja. "Nimpake mafuta ya kondoo kifuani."

"Nitampaka mwenyewe, mama."

"Mlete, nimekwambia. Nimelea kabla hujazaliwa."

Akampakata. Akafungua mbeleko, akafungua tambara la kaniki. Macho yake hayakuona mengi humo gizani, lakini vidole vyake viliona. Vilikutana na kitambaa kizito, chenye unyevu, kilichoganda baridi kwenye tumbo la mtoto. Akainama akakinusa. Chini ya mkojo na moshi, karafuu ilikuwa bado imo.

Kuni zilitatarika motoni. Mtoto alivuta pumzi, akaitoa.

"Zinakauka wapi hizi?" Bibi Mwantum aliuliza. Hilo ndilo alilouliza kwanza.

"Nyuma ya kihenge."

"Gizani."

"Ndiyo, mama."

"Umemfunga mtoto maji, Sikudhani. Kipupwe chote hiki umemfunga maji." Alikuwa akizifungua kwa haraka, akazitupa kando, akamweka mtoto mtupu kifuani pake mwenyewe, ngozi kwa ngozi, akamfunika kwa upande wa nguo yake. Ndipo akauliza la pili. "Kwa nini hukuniomba?"

Sikudhani alipiga magoti. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kipigo, kwa kurudishwa kwao. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa, na jibu lililomtoka lilikuwa swali vilevile.

"Ningekuomba, mama, ungenipa?"

Bibi Mwantum akaukaza upande wa nguo juu ya mtoto. Akamtazama mtoto kifuani, akaanza kumpapasa mgongo, juu, chini, juu, chini, na Sikudhani akangoja pale chini, akangoja mpaka magoti yakafa ganzi, na jibu halikuja.

"Nenda kwa Yudith," bibi alisema mwishowe. "Kamwambie."

"Kaniki imeloa, mama. Nimejifunga gunia."

"Nenda na gunia."

*

Alikwenda na gunia, mchana kweupe, mkono mmoja umeshika mbele na mwingine nyuma. Yudith hakuwa nyumbani. Alikuwa korongoni, kwenye visima vya mchangani, na wanawake wengine wenye vibuyu vyao, Bi Mishi akiwa mmoja wao.

"Yudith," Sikudhani alisema kwa sauti ya chini, akimvuta pembeni, "mimi ndiye niliyekata."

Yudith hakuvutika. Alikuwa ndani ya shimo, akichota kwa kata.

"Unaniambia mimi? Mimi nilijua tangu siku ile. Mimi sikupindua vikapu vya mtu. Waambie wao."

Sikudhani akageuka. Wanawake walikuwa wameinua macho, wakilitazama gunia, wakimtazama miguu.

"Sanda ya mama niliikata mimi," akasema. "Nilimfunga mtoto winda. Yudith hajachukua kitu."

Mtu mmoja aliangusha kibuyu. Bi Mishi akarudi nyuma hatua moja, akaweka mkono kifuani.

"Mtoto mzima? Ulimvika nguo ya kaburi mtoto mzima, anayenyonya? Ukatuacha tukamvua mwenzako mwanawe nguo, nawe umesimama na yako mgongoni?"

"Ndiyo."

"La haula! Sanda haivaliwi bure, mwanangu. Ikivaliwa inaita."

Wakamwachia njia pana kuliko ilivyohitajika. Yudith akapanda kutoka shimoni, akajitwika, akaondoka mbele bila kumngoja. Lakini jua lilipopinda alifika tembeni kwa Bibi Mwantum na ile ngozi ya mwanambuzi, ameipasha motoni, akaiweka juu ya magoti ya bibi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Bibi Mwantum. "Nilikutukana humu ndani, halafu nikakuvunjia nyumba."

"Ngozi nampa mtoto," Yudith akajibu. Alimtazama Sikudhani. "Wewe sijakupa kitu."

Wakamfunika Mwanahawa ile ngozi, manyoya ndani. Bibi alizichukua zile winda nne akazifua kwa mikono yake, akapanda nazo kwenye paa, akazianika juani, nyeupe, mtaa mzima uone. Zilikauka kabla ya jua kutua. Upepo na jua vilizifanya kavu na laini, kazi ya saa chache tu, na Sikudhani alipoziona zimekauka vile alikaa chini mlangoni akajifunika uso kwa gunia.

Mtoto alipata joto. Siku mbili akanyonya vizuri, na nyumba ikaanza kuongea. Siku ya tatu, asubuhi, uwele ukiwa jikoni, alikohoa mara moja akiwa kwenye mikono ya bibi yake, na pumzi iliyofuata haikuja.

*

Bi Mishi aliitwa, akaja. Aliosha bila kusema mengi, maji ya uvuguvugu, mkono wake mnene ukimshika yule kiumbe kama yai. Alipomaliza akauliza kwa kuinama, "Tumvike nini?"

Hapakuwa na nguo Dodoma. Watu walikuwa wakizikwa katika mikeka mwaka ule, na katika magunia ya mpunga.

Bibi Mwantum akafungua kasha.

"Mwantum," Bi Mishi alisema, "hiyo ni yako. Tayari ni fupi. Ukiikata tena..."

"Kata."

"Na mimi nilisema inaita. Naogopa mkono wangu."

"Sanda haina mdomo, Mishi, haiwezi kuita. Kilichomla mtoto huyu ni unyevu. Na unyevu ulikuwa gizani kwa sababu yake huyu," akaelekeza kidevu kwa Sikudhani, "na kwa sababu yangu. Nipe kisu kama wewe huwezi."

Bi Mishi akakata. Kipande kilichotosha kilikuwa kidogo, kama kilemba cha mwanamume. Wanaume waliobaki mtaani walikuwa wazee, nao walimbeba Mwanahawa mikononi kwa zamu, wakaenda naye. Uani, kando na wanawake wa msikitini, Yudith alikaa peke yake juu ya jiwe akimnyonyesha Matonya, na hakuna aliyemwambia asogee wala aondoke. Sikudhani hakutoka. Wanawake walijaa uani, naye alikuwa na gunia tu, kaniki yake ikiwa imeraruka siku za ugonjwa.

*

Baada ya matanga nyumba ilinyamaza. Wale wawili walitwanga, wakapika, wakafuturu, kwani Ramadhani ilikuwa imeingia, na walisemezana mambo ya chumvi na kuni. Mtaani watu walikuwa na maneno. Wengine walisema Msafiri akirudi atamwacha mwanamke yule. Wengine walisema Bibi Mwantum anamweka tu ili apate wa kumtesa. Sikudhani aliyasikia yote kisimani, kwa sababu yalisemwa ayasikie, naye aliendelea kuchota.

Maziwa hayakujua kuwa mtoto hayupo. Yalimjaa, yakamuuma, yakavuja mbele ya gunia na kuacha madoa, akawa anageukia ukuta mtu akiingia.

Alasiri moja alirudi kutoka kuokota kuni akamkuta Bibi Mwantum amekaa mlangoni, kwenye mwanga, sanda iliyobaki imetandazwa magotini. Alikuwa ameikunjua yote. Mwishoni ilipokatwa na Sikudhani, na ubavuni ilipokatwa na Bi Mishi, alikuwa akipinda kingo kwa sindano. Mshono ulikwenda kombo kama njia ya mbuzi.

"Tunga uzi," alisema. "Siuoni."

Sikudhani akaweka kuni, akatunga uzi, akamrudishia sindano.

"Simama."

Akasimama. Bibi akamzungushia ile merikani kiunoni, juu ya gunia, akavuta, akaangalia ilipofika. Ilimfunika mpaka chini ya magoti, na ncha ikabaki ya kutupia begani.

"Inatosha," akasema. "Kesho utaipaka matope meusi ya bwawani ifiche uchafu. Gunia litie kuni."

"Mama, sitaivaa."

"Utaivaa. Mtu mzima haendi kisimani amejishika nyuma na mbele."

"Na wewe? Wewe utavikwa nini?"

"Watatazama kitakachokuwepo siku hiyo. Baba yake Msafiri yuko chini ya majani, na nadhani majani yamekwisha kuoza, na yeye pia." Akamkalisha kando yake, kwenye kizingiti, akaanza kupinda upindo wa chini ukiwa mwilini mwa Sikudhani. Sindano iliingia, ikatoka. Upepo ulikuwa umepoa. Ng'ombe wa mtu walipita wakirudi zizini, vumbi likawapita usoni, nao hawakuingia ndani.

"Siku ile uliniuliza neno," Bibi Mwantum akasema.

Sikudhani akaushika upindo usiteleze.

"Nimeligeuza, nimeligeuza. Nilitafuta upande wake mzuri. Nilijiambia, bila shaka ningempa, mjukuu wangu, damu ya mwanangu, ningekosaje? Nikawa nataka nikwambie hivyo." Uzi ulikatika. Akautafuta kwa vidole, akaukuta, akaushika. "Ningekwambia subiri, meli zitakuja. Ningekwambia hata Msafiri alilelewa na matambara. Ungelia, nami ningekwenda kulifungia kasha."

Akainua macho yake yenye ukungu, akamtazama mkwewe usoni.

"Nisingekupa, mwanangu."